Kuhusu kamera za rafiki yako

Mwanangu mpenzi,

Unauliza kama rafiki yako, yule aliyevunjika shingo, auze kamera zake zingali na bei au azihifadhi. Simu ndiyo inayoandika ninayosema, kwa hiyo ukikuta koma imekaa pabaya, ilaumu simu.

Ya bei nayaacha. Mimi ningemuuliza kwanza: nani atakayesema "sasa"? Umenisikia tangu utotoni nikisema picha ni kuujua wakati wake. Zamani niliongeza kwamba picha ni miguu, ukitaka kitu kikaribie, kisogelee. Nusu hiyo ya pili siihubiri tena.

Kama ni pingili ya sita ya shingo, basi yuko kama mimi. Vidole havimtii, lakini kifundo cha mkono bado kinainuka, na akikiinua vidole hujikunja vyenyewe vikashika kitu chepesi. Kitu chepesi, narudia. Kamera kubwa itabidi ifungwe kwa kibano kwenye kiti cha magurudumu, kioo chake cha kutazamia picha kigeuzwe kimwelekee, na picha aifyatue kupitia simu, maana kitufe chenyewe karibu siku zote kiko kulia, kinangoja kidole ambacho hana amri nacho. Hayo atajifunza. Kinachochosha ni mwili. Lazima aegemee huku na huku kila baada ya dakika 15 hadi 30 ngozi isije ikaoza kwa kukandamizwa. Jua kali alikimbie, maana chini ya jeraha jasho halitoki inavyotakiwa. Na mrija wa mkojo ukijikunja, presha hupanda ghafla na kichwa kikagonga. Hapo picha inaachwa palepale, hata iwe nzuri vipi. Akague mrija kwanza, lenzi baadaye.

Kimo cha kukaa kitini kisimsumbue. Kamera ya Rolleiflex, iliyotoka mwaka 1929, ilishikwa usawa wa tumbo na mpiga picha akainama kuitazama kwa juu, wala sijasikia mtu akizilalamikia picha zake kwamba ziko chini.

Mama yako alinikataza kumtaja Sudek mezani, ila hapa hayupo. Josef Sudek, mpiga picha wa Prague, alipoteza mkono wa kulia kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, na bado akabeba makamera makubwa kwa miaka mingi. Kuanzia 1940 alipiga picha za dirisha la studio yake, kioo kikiwa na ukungu au matone ya mvua, akaendelea nalo hadi 1954. Dirisha lilelile! Mama yako alisema namtumia Sudek kujikomoa. Labda. Lakini wasaidizi walimbebea mizigo, na picha zinaitwa za Sudek.

Hapo ndipo ninapofika kwenye yale maonyesho yetu. Unakumbuka picha ya bibi yule akicheka, iliyotundikwa karibu na mlango. Kibano kilikuwa kimelegea, simu imezima, nikamwomba kaka yako abonyeze nikisema. Siku ya ufunguzi akaja mgeni mmoja, akampa kaka yako mkono, akamuuliza mwanga ule aliupataje. Kaka yako akajibu, "Muulize mzee, mimi nilikuwa kidole." Nilifurahi hadi leo nafurahi. Kisha mgeni akaniinamia akasema kwa sauti kubwa, silabi moja moja, "HONGERA SANA, BABA," kana kwamba nilivunjika masikio. Hilo nalo bado lipo.

Sasa nikwambie ambalo kaka yako hajawahi kulitaja. Nilisema "sasa" bibi akiwa ametulia, ananitazama. Kaka yako alichelewa kidogo, na katika kuchelewa huko ndipo bibi alipocheka. Picha niliyoiita mimi haipo; iliyotundikwa ni ya baadaye. Je, ni yangu? Nilichagua dirisha, kiti cha bibi, umbali, na mchekesho ulikuwa wangu pia, maana alicheka kwa jambo nililomwambia. Basi ni yangu. Lakini mtu anayehubiri wakati miaka yote hawezi kusema wakati haukuwa na maana siku hiyo tu. Nikiwa peke yangu na simu, picha zangu ni sahihi zaidi na zimepoa. Nikiwa na mtu wa kubonyeza, kuna kitu huingia ambacho sikukiita. Sijui kama nikishukuru au nikionee wivu.

Kwa hiyo usiniulize auze au asiuze. Hilo ni lake, nami nilichukia sana walioniamulia nikiwa bado kitandani. Ila hiyo ndogo, ile nyepesi uliyoitaja mwishoni mwa barua, akiiuza atakuwa mpumbavu. Hilo usimwambie limetoka kwangu. Mlete wiki ijayo asubuhi, kabla jua halijawa kali, aje na kamera yoyote atakayochagua mwenyewe, na amlete pia yule atakayekuwa anambonyezea. Huyo ndiye nataka kuongea naye.

Baba yako