Naanza kwa kubwabwaja

Swali la wiki hii linauliza: mtunzi wa nyimbo akiamka, husubiri wimbo umjie au huketi kuutafuta?

Mimi huketi. Ila sianzi na maneno. Nashika gitaa, narudia mapigo yaleyale na kubwabwaja: na-na, lei-lei, chochote kinachotoka. Neno halisi likijipenyeza silifukuzi. Simu inarekodi muda wote, na asubuhi sijihukumu. Jioni nasikiliza na kufuta, tena nafuta mengi.

Wapo wanaoona huu ni uvivu. Basi wamkumbuke Paul McCartney wa bendi ya Beatles. Melodi ya "Yesterday", wimbo uliotoka mwaka 1965, ilimjia usingizini, na kwa muda aliiimba kwa maneno ya mzaha kuhusu mayai ya kuvuruga. Watu hupenda kusimulia ile ndoto, mayai wanayaruka. Kwangu mimi mayai ndiyo yenye somo, maana yalishikilia nafasi mpaka maneno yenyewe yalipopatikana.

Jasho hasa linatoka hapo, kwenye kuyapata hayo maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa maneno machache. Melodi nayo ina noti zake nzito. Visipokutana, neno linapindishwa, na msikilizaji anahisi kuna kitu kimekwenda kombo hata kama hawezi kukitaja.

Juzijuzi nilikuwa na mstari wa noti nane, uzito ukiangukia ya nne na ya saba. Nikaandika "Nilikungoja mlangoni". Hesabu silabi: ni tisa, na mkazo wa mwisho uko kwenye ya nane, "ngo". Ukiimba haraka ili ienee, "m" inamezwa. Nikajaribu "Nilikungoja njiani". Silabi nane, mkazo kwenye "ngo" na kwenye "a", kila kitu mahali pake. Lakini sasa mtu wangu si yule tena! Anayengoja mlangoni yuko kwake, ana pa kurudi. Anayengoja njiani ameshatoka. Ilibidi niandike upya mistari yote iliyofuata, na ukweli ni kwamba huyu wa njiani alinivutia zaidi.

Waliolelewa na mashairi wataniuliza habari za vina. Vina havinisumbui sana, lugha yetu inavigawa bure: vitenzi vingi huishia na "a", na mahali pengi huishia na "ni". Ndiyo maana najihadhari navyo. Mlangoni, njiani, moyoni, machoni, na kabla hujajua umeandika wimbo ambao kila mtu anautabiri kabla hujafungua kinywa.

Kinachonishinda mara kwa mara ni ubeti wa pili. Nikikwama naweka gitaa chini na kutembea huku naimba ule wa kwanza, maana hatua hushika mapigo vizuri. Nikiendelea kukwama, huwa ni kwa sababu ubeti wa kwanza umeshasema yote na kumnyang'anya mwenzake kazi. Basi naugeuza kuwa kiitikio, kisha naandika kilichotangulia: hawa watu wawili wa kwenye wimbo walikosania nini, na nani aliondoka kwanza.