Jibu: Akiba ya matibabu ya mama kwa kipato cha juakali

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kujiandaa kwa sukari na presha ya mama. Anza na SHA, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya, na mama asajiliwe kivyake. Mchango wako humfaa mwenzi na watoto tu. Asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo: kiwango cha chini, shilingi 300 kwa mwezi, kinakuwa 3,600. Wengi hukwama hapo, wakianza kuchanga mgonjwa ameshalazwa.

Kisha jumlisha dawa, vijiti vya kupimia sukari na nauli ya kliniki kwa mwezi, zidisha kwa 3. Hiyo ndiyo akiba. Isikae M-Pesa ukiwa na deni la Fuliza (mkopo wa papo hapo wa M-Pesa), itakatwa ikiingia tu. Sacco (chama cha akiba na mikopo) sawa, lakini akaunti ya FOSA, ile ya kuweka na kutoa pesa kama benki. Amana unazokopea hazitoki mpaka ujitoe uanachama.