Kabla hujakata sailensa: niliyojifunza kwa Probox yangu hapa Nakuru

Kama umewahi kutoka Nakuru kwenda Kisumu kwa gari dogo, unajua ninachozungumzia. Kuanzia Salgaa hadi Mau Summit unapanda kwa kubembeleza, gia ya tatu, mara ya pili, mara ya tatu tena, na mbele yako kuna lori ambalo huna pumzi ya kulipita. Kisha ukishuka kutoka Kericho kuelekea Awasi, gari linafufuka. Ukigusa mafuta tu, linaitika. Watu husema ni mteremko. Mteremko unasaidia, sikatai, lakini hata ukifika tambarare pale Ahero gari bado lina nguvu ambayo hukuiona ulipotoka nyumbani.

Ni hewa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Kisumu iko chini zaidi, mita 1,130 na kitu, kwa hiyo huko injini inashiba vizuri kidogo. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, haina namna ya kujilazimishia hewa. Inameza inachokuta. Probox yangu ina ile injini ya 1NZ ya lita 1.5, ambayo kwenye karatasi ni nguvu za farasi 109. Hapa Nakuru farasi hao wanabaki kama 90, na hapo bado hujapakia magunia.

Nimeanza na hayo kwa sababu mimi mwenyewe sikuyajua nilipoanza kumwaga pesa. Mwaka 2021 Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia pale Naivasha, barabara ya Nakuru ilijaa Subaru zinazonguruma kama zimemeza simba. Mimi nilisimama kando ya njia nikala vumbi, nikarudi nyumbani na wazo baya kichwani.

Nilinunua filta ya hewa ya koni kwa 3,500, ile nyekundu inayokaa wazi chini ya boneti. Halafu nikamwendea fundi mmoja wa jua kali. Akatandika kadibodi, akaingia chini ya gari, akagonga sailensa ya katikati kwa spana. "Boss, hii ndiyo inakukaba. Tukiitoa utanipigia simu kunishukuru." Akaikata, akaweka bomba la inchi 2.5 kutoka hapo hadi nyuma, na domo la kumetameta kwa nje. Shilingi 7,500. Jumla elfu kumi na moja, na nilitoka pale nikiwa nimefungua madirisha yote ili nijisikie nikipita.

Siku tatu nilikuwa mfalme. Siku ya nne nilienda kumwona mama Ahero. Kuanzia kilomita 80 kwa saa mpaka 95, ambao ndio mwendo unaoenda nao safari nzima, gari lilikuwa na mvumo unaoingia kwenye meno. Nilifika kichwa kikiuma. Mama akatoka nje, mikono kiunoni, akauliza, "Baba, hii gari yako inaumwa na nini?"

Nikamwambia nimeiongeza nguvu. Na hapo ndipo nilipojiuliza kama kweli nimeiongeza.

Sasa, kupima gari bila mashine ya kupimia si kazi ngumu. Tafuta kipande cha barabara chenye mwinuko mdogo, kisicho na watu, asubuhi mapema. Gia moja tu, ya tatu, usibadilishe. Mtu wa pembeni ashike saa ya simu ahesabu sekunde kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi 80. Rudia mara tatu, mafuta kwenye tangi yawe kiasi kile kile, na abiria awe yule yule (binamu yangu ana kilo tisini, ukimbadilisha hesabu zote zimeharibika). Kwa bahati nilikuwa nimempima Probox hivyo kabla ya kumpeleka kwa fundi, kwa majigambo tu: sekunde 13.1. Baada ya elfu kumi na moja: 13.9.

Nililipa ili gari liwe zito. Kidole cha binamu kwenye saa kinaweza kukosea, lakini mara tatu mfululizo?

Kosa la kwanza lilikuwa la koni, na hili nililigundua kwa kifaa cha kuku. Mke wangu alikuwa na kipimajoto cha inkubeta, vile vidogo vya kioo cha namba vyenye waya mrefu ambavyo huuzwa madukani mwa dawa za mifugo kwa shilingi mia nne au tano. Nilikiazima, nikapitisha waya mpaka kwenye mdomo wa filta, kioo nikakibandika kwenye dashibodi kwa selotepu. Nje kulikuwa na nyuzi 24. Kwenye foleni ya Kenyatta Avenue ile koni ilikuwa inavuta hewa ya nyuzi 58. Nikitembea, 44.

Hewa ikipata joto inatanuka na kuwa nyepesi. Kwa joto la aina hiyo, kila nyuzi tatu zinazoongezeka unapoteza karibu asilimia moja ya hewa inayoingia. Piga hesabu kutoka 24 hadi 58. Nakuru imeshakunyang'anya moja ya tano, na wewe unaongeza mwenyewe zaidi ya asilimia kumi, eti kwa sababu filta ni nyekundu. Ile sauti ya kunyonya unayoisikia ukikanyaga ni kweli, inapendeza, lakini ni sauti ya injini ikinywa uji wa moto.

Basi nikairudisha boksi ya filta ya kiwandani. Kabla sijaifunga nikaichunguza, na hapo ndipo aibu ilipozidi. Ule mkono wa plastiki unaotoka kwenye boksi kwenda mbele ya gari, pale juu ya rejeta ambapo hewa ni baridi, haukuwepo. Fundi fulani zamani aliutoa akasahau kuurudisha, au aliuvunja akanyamaza. Miaka yote boksi ilikuwa ikivuta hewa ya nyuma ya rejeta. Ndani, chini ya filta, kulikuwa na majani, mfuko wa nailoni uliosokotwa, na sponji ya godoro iliyotafunwa vizuri. Panya walikuwa wamepanga nyumba. Filta yenyewe ilikuwa na rangi ya barabara ya Njoro.

Mkono wa plastiki niliupata kwa wauza vipuri vya magari yaliyochinjwa, 800. Filta mpya ya karatasi, 900. Kopo la dawa ya kusafishia sensa ya hewa, 1,200. Hii sensa ni uzi mwembamba sana unaokaa baada ya filta, ndio unaoiambia kompyuta ya gari hewa kiasi gani imeingia ili ipimiwe petroli yake. Iondoe kwa bisibisi, ipulizie, iache ikauke yenyewe. Usiiguse kwa kidole wala kwa pamba, na usikubali mtu akupulizie dawa ya kabureta pale. Filta nyingi za koni huja zimepakwa oili; ukiizidisha unapozisafisha, inapeperuka na kuganda kwenye ule uzi, na gari linaanza kunywa petroli bila sababu unayoiona. Bodi ya throto, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, nayo niliifuta kwa kitambaa, ilikuwa na lami nyeusi kama chungu cha kijijini.

Kipimajoto kikasoma 31 gari likitembea. Saa ya binamu ikasoma 12.6, na lile bomba baya bado liko chini. Shilingi 2,900. Kama pesa yako inaishia hapa, ishia hapa, umeshapata sehemu kubwa ya kinachopatikana.

Neno moja kwa wenzangu wa Kisumu na tambarare ya Kano. Mtandaoni utaona watu wameshusha filta hadi nyuma ya bampa wakifuata hewa baridi. Hewa ni baridi kweli. Lakini mto Nyando ukifurika ukapita kwenye maji yanayofika nusu ya gurudumu, injini itayavuta. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, kinachopinda ni koni-rodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Acha mdomo wa hewa pale juu ulipowekwa.

Tukija kwa ekzosi, ni hadithi ndefu kidogo. Kuna msemo gereji zote: "injini inahitaji kubanwa kidogo nyuma." Si hivyo hasa. Injini haihitaji kubanwa. Inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi, kwa sababu fungu la moshi linalokwenda kasi huacha mvuto nyuma yake unaosaidia kutoa lile linalofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi unazubaa na kupoa njiani, na gari linakuwa zito pale chini, mizunguko elfu mbili hadi tatu kwa dakika, ambapo ndipo Probox inaishi. Inchi 2.5 ni ya injini kubwa kuliko yangu. Kwa lita 1.5, ukifika inchi 2 umemaliza. Kwa lita 2 isiyo na tabo, 2.25. Wenye tabo hesabu yao ni nyingine, kwao upana baada ya tabo unasaidia sana, lakini wasikate kitu kabla ya kupata mtu wa kurekebisha kompyuta, la sivyo tabo inasukuma kuliko ilivyopangiwa.

Mwishowe nilienda kwa fundi mwingine, na alipolikata lile bomba la kwanza, aliniita nione. Niliingiza kidole kwenye kiungo nikakutana na matone ya chuma yaliyoganda ndani, makubwa kama punje za mahindi, mstari mzima. Mwenzake alichomelea kwa moto mkubwa, chuma kikamwagikia ndani. Pale pa kupinda napo alilikunja bomba kwa nguvu mpaka likawa bapa. Inchi 2.5 kwa jina. Pale kwenye kona pengine inchi moja na nusu. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, muulize atapindaje. Mwenye viwiko vilivyokwisha kupindwa kiwandani, vya duara kamili, na anayevikata na kuviunganisha, huyo mkalie. Omba uone kazi ya mtu mwingine, na uingize kidole.

Tuliweka bomba la inchi 2, sailensa ya katikati ya aina ya bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, ambayo moshi unapita moja kwa moja bila kuzungushwa, na ya nyuma tukaiacha ya kiwandani. Gasketi mpya, mipira ya kuning'inizia mipya. Shilingi 9,500. Na alipata kitu ambacho nilikuwa sijakiona: ufa mwembamba karibu na manifoldi, pale moshi unapotoka kwenye injini, kabla ya sensa ya oksijeni inayopima moshi. Ufa hapo hautoi moshi tu, unavuta na hewa ya nje kati ya pigo na pigo. Sensa inadhani petroli ni chache, kompyuta inaongeza. Alichomelea kwa mia tano. Mtu anaweza kutumia elfu hamsini kwa ekzosi mpya na kuacha ufa wa mia tano.

Bado kuna suala la masega, yaani katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Utapata fundi atakayekwambia atakuondolea bure. Bure hiyo ina sababu: ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna wanunuzi. Masega mazima kwenye gari kama langu hayakabi kitu cha maana, na ukiyatoa taa ya injini inawaka kwa sababu sensa ya pili inayachunguza, na gari linanuka hadi kwenye nguo. Kama unashuku yameziba, yapimwe. Fundi aitoe sensa ya kwanza, afunge geji ya shinikizo mahali pake, akanyage mpaka mizunguko 2,500. Ikizidi PSI 3 hivi, yameziba. Na yakiziba, uliza kwa nini kabla ya kununua mengine, maana mara nyingi ni plagi au koili mbovu inayopeleka petroli mbichi ikaungulie humo, au injini inayokula oili.

Kuhusu kelele, sheria za trafiki zinadai gari liwe na sailensa, na kuna kanuni za mazingira za kelele za mwaka 2009. Lakini mimi sikubadilisha kwa kuogopa askari. Nilibadilisha kwa sababu ya kichwa.

Saa ya mwisho ya binamu: 12.1. Ni sekunde moja tu kutoka 13.1. Farasi niliowapata ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wengi wao walikuwa wangu tangu mwanzo, walikuwa wamefungiwa na panya. Salgaa bado napanda nikibembeleza, ila lori moja moja sasa nalipita. Koni imelala stoo, domo la kumetameta binamu alilichukua, na kipimajoto kimerudi kwa vifaranga, kimechelewa na nimesemwa.

Mama naye ana lalamiko jipya. Zamani alikuwa akiisikia Probox ikiacha lami, anainjika chai. Siku hizi anashtukia nimesimama mlangoni na sufuria iko kavu.