Hestrie Cloete hakuwahi kushinda dhahabu ya Olimpiki

Hapana mkuu, kama unauliza Hestrie Cloete, yule mruka juu wa Afrika Kusini, alishinda dhahabu ya Olimpiki, hiyo hana, ana fedha mbili. Sydney 2000 ndo ile inayouma, yeye na Yelesina wa Urusi wote waliishia mita 2.01 ila Yelesina alikuwa ameangusha upau mara chache zaidi basi dhahabu ikaenda kwake, halafu Athens 2004 akaruka 2.02 huku Slesarenko, naye wa Urusi, akichukua dhahabu kwa 2.06. Nadhani watu wanachanganya na ubingwa wa dunia, huo kweli anao mara mbili, Edmonton 2001 na Paris 2003, na ile ya Paris ndo aliruka 2.06 ambayo mpaka leo ni rekodi ya Afrika kwa wanawake na mwaka huohuo IAAF, shirikisho la riadha la dunia, wakampa tuzo ya mwanariadha bora wa kike wa dunia. Jumuiya ya Madola pia kachukua dhahabu 1998 na 2002, ila matokeo ya 98 mtafute kwa jina la Storbeck, ndo alilokuwa anatumia kabla ya Cloete.

Kama swali ni Mwafrika mwanamke aliyewahi kuchukua dhahabu ya Olimpiki kuruka juu, huyo ni Esther Brand, naye wa Afrika Kusini, Helsinki 1952. Aliruka 1.67 tu, msicheke, enzi hizo hakuna magodoro manene ya kuangukia na mtindo wa kuruka kwa mgongo ulikuja kushika chati baada ya Fosbury, Mmarekani aliyeutumia kushinda dhahabu ya Olimpiki 1968.