Ala ya bastola kubana si usalama

SWALI: Namiliki bastola ya milimita 9 kwa leseni, na Jumamosi hufanya mazoezi ya shabaha kwenye uwanja wa wazi nje ya jiji. Nina ala ya nguo ambayo muuzaji aliniambia inaingia bastola yoyote. Inabana vizuri na haijawahi kuidondosha, ila nikipiga goti inanichoma nyongani. Fundi wa ngozi mtaani anasema ataiongezea sponji, kisha akate sehemu inayofunika triga (kifyatulio) ili kidole kifike mapema na bastola ichomoke haraka. Nimruhusu, au ninunue ya ngozi, au ya plastiki ngumu? (Msomaji, Igoma, Mwanza)

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Hicho anachotaka kukikata ndiyo sababu ya ala kuwepo.

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, na karibu kila anayeuliza huanza na neno hilohilo: "inabana". Watu wanaogopa bastola kudondoka. Ni hofu ya haki, lakini si ya kwanza. Kazi ya kwanza ya ala ni kuilinda triga isiguswe na chochote mpaka wewe mwenyewe uitoe bastola. Kuishikilia isidondoke ni kazi ya pili. Ala ya nguo inaweza kuifanya hiyo ya pili vizuri sana huku ile ya kwanza haiifanyi hata kidogo.

Kuna mwanafunzi alinijia na ala kama yako, amekwisha kuivaa miaka miwili. Nilimwambia atoe magazini (kasha la risasi), avute slaidi (sehemu ya juu inayoteleza), atazame chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Nami nikatazama, kisha nikaingiza ncha ya kidole kidogo mle ndani kuhakikisha hamna kitu. Tukaachia slaidi, bastola ikaingia kwenye ala, mdomo wake ukielekea tuta la udongo. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kwa nje, juu ya nguo, pale triga ilipo. Ta! Kama kungekuwa na risasi, ingetoka. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniambia kwamba mwanawe wa miaka minne huwa anamrukia kiunoni akirudi nyumbani.

Bastola nyingi za kisasa, Glock zikiwemo, hazina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti unayoiona iko kwenye triga yenyewe, na inafunguka kila triga inapobonyezwa sawasawa. Chuma hakijui kama kimebonyezwa na kidole chako, fundo la kamba ya koti, au pindo la shati lililoingia pamoja na bastola. Ndiyo maana hatari kubwa haipo wakati wa kuchomoa, ipo wakati wa kurudisha. Mtu amemaliza kupiga, moyo unamwenda mbio, anasukuma bastola kwenye ala laini ambayo mdomo wake umejikunja, na ule ukunjo unaingia ndani ya kikingio cha triga, lile duara linaloizunguka. Anaona inakwama, anasukuma kwa nguvu zaidi. Risasi inashuka na paja. Na kwetu huku, chini pakiwa ni mwamba, ikishalipita paja inaweza kugonga jiwe na kumrukia mwenzake aliye jirani.

Basi nunua ala iliyotengenezwa kwa modeli ya bastola yako hasa, si "saizi ya kati". Ifunike triga yote kwa kitu kigumu, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikiwa nje. Kwa uwanja wa nje mimi nachagua plastiki ngumu ya aina ya Kydex, ivaliwe nje ya suruali, upande wa mkono unaopigia. Vumbi likiingia unaisuuza kwa maji. Usiiache tu juu ya dashibodi mchana wa jua, maana joto likizidi inapoteza umbo. Ngozi nene nzuri nayo inafaa, lakini hunywa jasho na mvua. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, jasho lako linayo, kwa hiyo usiihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi usiku, itashika kutu. Ikilowa, ianike kivulini, mbali na jiko. Siku ngozi ikianza kulegea mdomoni, imekwisha. Ala za kwapani na za kuchomolea upande wa pili wa mwili viwanja vingi huzikataa, kwa kuwa mdomo wa bastola hupita juu ya watu walio pembeni au nyuma yako.

Maumivu ya nyonga hayaponi kwa sponji. Bastola yenye magazini iliyojaa ina uzito wa karibu gramu 900, na mkanda laini wa suruali ya ofisini unauacha uzito wote uning'inie mahali pamoja. Tafuta mkanda mgumu wa upana wa sentimita 4 hivi, unaojaza vitanzi vya ala bila kucheza. Kisha isogeze ala nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, upige goti na kuchuchumaa nayo nyumbani, bastola ikiwa tupu.

Hao wanaouza "ala ya bastola zote", na mafundi wanaokata kifuniko cha triga ili mtu awe mwepesi, wananikera kwa sababu hawapo uwanjani damu inapomwagika. Wepesi wa kuchomoa unatoka kwenye mamia ya marudio ukiwa na bastola tupu. Kurudisha hakuna mashindano: kidole nje ya triga, kimenyooka kando ya fremu (mwili wa bastola), shati limeinuliwa kwa mkono mwingine, macho yanatazama mdomo wa ala. Ukihisi kitu kimezuia, simama, toa, angalia.

Hiyo ya nguo usimpe mlinzi wako wala usiiuze. Ikate vipande mwenyewe.