Maua ya zambarau ya Shela: mbona yamefumba?
Ndugu, umeuliza kuhusu maua uliyotaka kuyapiga picha ufukweni Shela, kisiwani Lamu, ukayakuta yamefumba alasiri. Hayana ugonjwa. Ni ule mmea unaotambaa mchangani, wenye majani kama kwato za mbuzi. Hufunguka asubuhi, jua likishakuwa kali hunywea. Ukitaka picha, toka mapema basi. Lala kifudifudi, simu iwe usawa wa ua, bahari iwe nyuma. Upepo wa kusi ukivuma ua halitulii, likinge kwa mwili wako na upige picha mfululizo. Kioo cha kamera kifute kila mara, chumvi hukitia ukungu. Tafadhali usikanyage mashina: ndiyo yanayoshika mchanga wa matuta, na maji ya Lamu hutoka chini ya matuta hayo. Ukiona kichaka chenye ua jeupe, petali zote upande mmoja, usidhani limeliwa na mdudu. Ndivyo lilivyo.