Anayesema anahisi nishati, mtundikie kanga

Wiki hii msomaji wa Newala ameniandikia. Mama yake ana kisukari na kidonda mguuni, hela ya korosho imeingia, na amepatikana bwana anayepitisha viganja juu ya mwili bila kugusa, eti anasawazisha nishati. Sasa mama anasema maumivu yamekwisha, vidonge kaviweka kando. Dada yangu, ujumbe wako umenishtua, maana hayo yalitukuta nyumbani kwetu Mikindani.

Kwetu Wamakonde neno la mjomba si la kurukwa. Mjomba ndiye aliyemleta yule mtaalamu, ndiye aliyelipa. Mama kakaa mkekani kanyoosha mguu, jamaa kafumba macho. "Nasikia joto linatoka, ugonjwa unaachia." Mama machozi yakamtoka kwa faraja, na mimi moyo ukaniuma, kwa sababu kidonda kilikuwa kinanuka.

Nilikuwa nimesoma habari za Emily Rosa, mtoto wa Colorado, Marekani. Tiba ya namna hiyo ilianzishwa kule miaka ya 1970 na Dolores Krieger na Dora Kunz, ikaenea kwa wauguzi. Emily, akiwa na miaka 9, aliwaita wanaoifanya, wakapitisha mikono chini ya kizuizi wasione kitu, yeye akaweka wake juu ya mmojawapo bila kuugusa: upi? Watu 21, majaribio 280, wakapatia 123, yaani asilimia 44. Kubahatisha tu kungewapa nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Nikamwendea mjomba kwa adabu. "Mjomba, nakuomba ruhusa, tumpime mgeni wetu kidogo." Akanyamaza, halafu akaitikia kwa kichwa. Nikatundika kanga mlangoni, jamaa akapenyeza mikono, binamu yangu akarusha sarafu kuamua mkono upi. Jamaa akakosea, akapatia, akakosea tena. Mwishowe akasema nyumba hii ina watu wenye shaka, nishati imekimbia. Akaondoka na hela yetu.

Kesho yake mama akapelekwa hospitali. Walikata kidole kimoja, mguu ukapona. Wapo kwenye ukoo wanaoniita mjuaji hadi leo, na linaniuma, lakini mama anatembea kwenda shambani kwa miguu yake miwili na ninajivunia.

Sasa nisikilizeni, nyote wenye wazazi wanaougua. Kisukari kikikaa mwilini huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu anaweza kukanyaga msumari asisikie. Kidonda kutouma si dalili kwamba kimepona, na pengine kisichouma ndicho cha kuogopwa zaidi. Faraja ya kukaliwa karibu na mtu mpole ni ya kweli, siipingi, lakini haisafishi usaha wala haishushi sukari siku hadi siku. Anayedai anahisi nishati mwekeeni pazia kabla ya kumpa hata shilingi, na sarafu irushwe na mtu wenu, asichague yeye.

Kwako, dada wa Newala: leo hii mama apimwe sukari na kidonda kifunguliwe kitazamwe na daktari. Usimkejeli, na usigombane na yule bwana mbele yake. Anza kwa mjomba wako. Mpe shikamoo yake, mweleze habari ya mishipa ya fahamu taratibu mpaka aelewe, kisha mwombe yeye ndiye amwambie dada yake apande gari.